Siku Friza Ilipoyeyuka

Friza ya binti yangu ilikuwa ndefu kuliko kitanda nilichomzalia. Ilikaa stoo, nyuma ya jiko, na stoo hiyo hiyo ndimo nilimokuwa nalala mimi. Tuliishi chumba kimoja, mimi na friza.

Nilikuja mjini Dodoma kutoka Haneti kumkanda binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Nilisema nitakaa siku arobaini. Siku arobaini zikaisha, yeye akarudi ofisini kwake kupiga taipu, mtoto akakosa wa kumshika, nikabaki.

Sasa sisi Wagogo mama hakai uso kwa uso na mume wa binti yake. Hali naye, hakalii kiti chake, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Mkwe wangu alikuwa Mhaya, na kwao sijui wanafanyaje, lakini alijifunza bila kufundishwa. Akirudi kazini alikohoa mara mbili mlangoni, nami nikatoka kwa mlango wa jikoni. Akitaka kuniambia neno alimpa binti yangu, na mimi jibu langu likapita huko huko. Hatukugombana hata siku moja. Kwa hiyo sebule ilikuwa yake, na jiko, ua na stoo vilikuwa vyangu, na ndiyo sababu niliijua friza ile kuliko walioinunua.

Miaka hiyo maduka ndiyo kwanza yalikuwa yanajaa tena. Kabla ya hapo tulipanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na mara nyingine ulipanga kwanza ukauliza baadaye ni foleni ya nini. Halafu biashara ikafunguliwa. Zikaja redio kubwa, yakaja mashuka ya maua, yakaja mafriza yaliyokwisha kutumiwa na watu wengine huko Dubai. Binti yangu na mumewe wakanunua moja. Mtu aliyekulia kwenye foleni akipata pa kuweka, anaweka. Binti yangu aliweka.

Kila kilichobaki mezani kilikwenda humo. Nusu bakuli ya maharage, chapati tatu, wali wa sikukuu, supu ya mifupa ndani ya kopo la majarini. Aliandika vikaratasi akavibandika, lakini ubaridi ukiingia wino unakimbia na gundi inaachia, na vikaratasi vyote vilikuwa vimelala chini ya friza kama majani yaliyopukutika.

Namuuliza, "Hiki nacho ni nini?"

"Mama, acha tu, kitafaa."

"Kitafaa lini?"

"Siku ya shida."

"Shida ikija itakuta humo pamejaa."

Mama yangu alihifadhi kwa jua. Mlenda ulichumwa masika, ukaanikwa juu ya mwamba, ukatwangwa, ukatiwa kwenye kibuyu, tukaula mpaka masika mengine. Nyama ilikatwa nyembamba, ikatiwa chumvi, ikaning'inizwa. Kitu kikavu unakiona, unakishika, unakinusa. Kitu cha barafu hakina harufu, na hapo ndipo udadisi uliponishika. Kitu kisichonuka utakijuaje?

Nilianza kwa kugonga. Maharage yaliyoganda ukiyagonga na mwiko yanalia kama jiwe. Wali unalia kama ubao, kwa kuwa ndani una hewa. Supu ukiishika inateleza kabla haijakuunguza mkono, maana barafu nayo inaunguza, hilo nalo nilijifunza humo. Halafu nikawa natoa kimoja kimoja, siku baada ya siku, watu wakiwa kazini, nione kipi kinavumilia na kipi hakivumilii.

Maharage yanatoka kama yalivyoingia. Viazi vya kuchemsha vinatoka kama sifongo, ukivibana vinatoa maji. Hivyo nikavibana, nikaviponda na kitunguu, nikavikaanga viduara. Ugali unapasukapasuka. Binti yangu alikuwa anautupa. Mimi niliufikicha kwa vidole nikautia kwenye maziwa mgando, mkwe wangu akala, akarudisha bakuli lijazwe tena. Chapati ngumu nilizikata nyembamba kama tambi nikazitosa kwenye mchuzi wa nyanya na yai. Wali wa sikukuu niliuponda na unga na hamira, ukawa vitumbua, si vizuri sana, lakini vililiwa.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, kijijini mbona hukutupikia hivi?"

"Kijijini kulibaki nini?"

Lakini lipo jambo lililokuwa linamnyima raha binti yangu, na halikuhusu chakula. Ndoa yake ilikuwa haijafungwa kanisani. Mahari ilikuja, wajomba wa mume walikuja, ila mama yake mume hakuja wala hakutia neno. Mkwe wangu aliapa hatasimama mbele ya padri mpaka mama yake aseme ndiyo, kwa kuwa ndiye aliyemlea peke yake. Na mama huyo, huko Bukoba kwenye migomba, alikuwa amesema maneno ambayo mjomba mmoja hakuwa na akili ya kuyaficha. Alisema, "Mwanangu amekwenda kuoa kwenye njaa."

Mwaka wa tatu ikaja barua. Bibi anakuja kumwona mjukuu.

Binti yangu alikonda wiki hiyo. Alinunua mkungu mzima wa ndizi za kupika sokoni Majengo, ulioletwa na lori kutoka mbali, akauweka stoo. Alinunua sato wakubwa wawili akawatia friza. Alinunua vikombe.

"Mama, akija usimwambie mambo ya mlenda."

"Kwa nini?"

"Wanasema unavuta kama kamasi."

"Unavuta. Atakayeniuliza nitamwambia unavuta."

"Mama."

Siku mbili kabla ya mgeni kufika, umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ya mgawo, walisema maji ya bwawa yamepungua, tukawa tunapewa umeme kwa zamu, na zamu yetu ikarukwa. Binti yangu akafunika friza kwa mablanketi, akakataza isifunguliwe. Stoo ikawa joto, na ndizi, ambazo huko Bukoba huwekwa mahali pa baridi, zikaona hilo joto zikaiva zote mara moja. Asubuhi ya pili niliamkia harufu ya pombe.

Mgeni tulimtarajia Jumamosi. Tulimhesabia treni kuchelewa siku moja, kama tulivyozoea. Haikuchelewa. Ijumaa asubuhi, binti yangu akiwa ameshakwenda ofisini, nikasikia kikohozi mara mbili mlangoni. Nikachukua mtoto nikatoka nyuma. Nimesimama uani nikasikia sauti ya mwanamke ndani, nikaelewa kuna nini. Mkwe wangu, aliyepita stesheni kuulizia treni akamkuta ameshafika, alimketisha mama yake, akaweka begi, akaondoka mbio, maana kazi yake ilikuwa Bungeni, Bunge lilikuwa linakaa, na siku za Bunge hakuwa na ruhusa hata ya kuumwa. Nikasubiri mlango wa mbele ufungwe, nikaingia.

Alikuwa mwanamke mrefu, amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja kuitwa. Tulikuwa rika moja, hakuna wa kumwambia mwenzake shikamoo.

"Habari ya safari, mkwe?"

"Ndefu." Akanyoosha mikono, nikampa mjukuu wake. Alimtazama sana. Halafu akasema, "Nchi yenu kavu. Tangu alfajiri niko dirishani, sijaona mgomba."

"Hutauona."

"Sasa mnakula nini?"

"Kilichopo."

Kiswahili kwetu sote wawili kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo hatukukipoteza.

Nilimpa chai kavu nikaenda kufungua friza. Mablanketi yalikuwa yamelowa. Chini maji, juu yake vifuko vinaelea. Sato niliwanusa kabla sijawashika; macho yalikuwa yameingia ndani. Niliwafukia nyuma ya ua, na nilipokuwa nafukia niliona kabisa uso wa binti yangu. Hakuna ndizi, hakuna samaki, na mgeni anahesabu.

Nyama iliyokuwa katikati ya friza ilikuwa bado na ubaridi. Nikaichana nyembamba, nikaitia chumvi, nikaitundika kwenye kamba ya nguo. Mgeni akatokea mlango wa jikoni na mtoto begani.

"Mnaanika nyama kama nepi?"

"Ikibaki ndani itaoza. Upepo wa hapa haujawahi kukatika."

Akatazama mkungu wa ndizi ulioegemea ukuta. "Hizi zilikuwa zangu?"

"Zilikuwa zako."

"Zimeiva."

"Zimekungoja zikachoka."

Hakucheka, lakini alikaa kwenye kigoda pale mlangoni kwa muda, ananitazama mikono. Mtoto alipoanza kulia akarudi naye ndani.

Ndipo nikafika chini ya friza. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na kifurushi ambacho sikuwahi kukigonga, kwa kuwa kilikuwa kimeshikana na barafu tangu nije. Sasa kimeachia. Mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa nailoni, ndani yake gazeti. Nikafungua. Walikuwa wadudu, wa kijani na wengine wa kahawia, wamenyofolewa mabawa na miguu, mmoja mmoja, mamia kwa mamia. Nilikaa chini nikawatazama. Kitu cha kwanza nilichowaza si kwamba ni wadudu. Niliwaza, aliyefanya kazi hii alikuwa na subira ya namna gani?

Nikanusa. Majani, na chini ya majani, mafuta. Nikamweka mmoja kwenye kikaango kikavu juu ya mkaa. Akatoa mafuta yake mwenyewe, akalia, akawa rangi ya karanga. Nikamla. Nikakaa tena nikifikiri. Alikuwa mtamu kuliko kumbikumbi, na mimi kumbikumbi nawajua. Masika wakitoka ardhini kwetu wanaliwa na kila mtu, mtoto, mzee, mjamzito, na mchungaji pia. Nikasema moyoni, hawa ni kumbikumbi wa watu fulani.

Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilichokuwa nacho ni mlenda wangu mkavu kutoka Haneti, karanga, magadi, unga wa mtama, maharage yaliyoyeyuka, na huo mfuko. Nikawakaanga wadudu wote. Nusu nikaitwanga pamoja na karanga mpaka ikashika mafuta. Maji yakachemka, nikatia magadi kidogo, nikamwaga unga wa mlenda huku napekecha, halafu ule mseto wa kinu, halafu ile nusu nyingine ya wadudu wazima juu. Nikasonga ugali. Maharage niliyakaanga na kitunguu yakae pembeni, kwa mtu atakayeogopa.

Nikamwita mgeni aje jikoni. Sebuleni mimi sili.

Akanawa, akakaa, akatazama chungu. Akatazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikadhani ni mlenda.

"Unavuta," nikamwambia. "Ukila usiongee, utakunata shavuni."

Akamega ugali, akachovya, akazungusha mkono kukata ule uzi, akala. Akafumba macho. Akachovya tena. Maharage hakuyagusa. Tulikula kimya, wanawake wawili, na alichovya mpaka nikaacha kumhesabia.

"Hii mnapikaje?" akauliza mwishoni, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Kabla sijajibu, binti yangu akaingia mlango wa ua. Jirani alimpigia simu ofisini kwamba mgeni ameshafika. Alipiga magoti akamwamkia mama mkwe wake, akaitikiwa, akainua macho. Akaona friza wazi. Akaona kwenye meza ule mfuko wa nailoni na gazeti. Akanishika mkono akanivuta mpaka kwenye kamba ya nyama, akaanza kusema Kigogo kwa haraka.

"Mama, umepika vile vilivyokuwa kwenye gazeti?"

"Nimepika."

"Umempa?"

"Amekula kuliko mimi."

Binti yangu akashika kamba. "Mama, wale ni senene. Kwao wanawake hawali senene. Wanawachuma, wanawanyofoa mabawa, wanawapika, wanaume ndio wanakula. Vijana wa sasa wameacha, lakini huyu ni mtu wa zamani. Mume wangu alikuwa amewaweka kwa ajili ya wajomba zake."

Nilisimama. Nilitazama ule mlango wa jikoni. Yule mwanamke alikuwa amekaa vile vile, anapangusa vidole kimoja kimoja.

"Mwambie ni kumbikumbi," binti yangu akasema. "Hajui kumbikumbi wa huku wakoje. Mama, nakuomba. Nikiikosa hii ndoa sasa, nimeikosa."

Na nilijua anasema kweli. Neno moja la yule mwanamke lilikuwa linatosha kumvika mwanangu shela au kumwacha hivyo hivyo na mtoto mkononi. Sikuwa na hasira naye. Lakini nilijiuliza kitu kimoja: akija kujua kesho, atarudi kumuuliza nani? Atamuuliza binti yangu, kila siku, maisha yake yote, kwa macho. Uongo wangu mimi ningeuacha pale nikaenda zangu Haneti. Yeye angebaki nao jikoni.

Nikaingia. Binti yangu akanifuata.

"Mkwe," nikasema, "umeniuliza nimepikaje. Nimetia wadudu niliowakuta kwenye friza. Sikuwajua. Sasa nimeambiwa ni senene, na nimeambiwa kwenu mwanamke hawali. Sikukutega. Kwetu mdudu anayeliwa analiwa na wote."

Akaendelea kupangusa vidole.

"Najua ni senene," akasema.

Binti yangu akatoa sauti ndogo.

"Nilijua tangu ulipokuwa unakaanga. Nilikuwa sebuleni na mtoto, harufu ikanifuata huko. Hiyo harufu nimekaa nayo tangu nina meno ya utoto, nisiijue?"

"Sasa mbona umekula?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, hilo nililipenda tangu asubuhi. "Ungeniuliza, ningekataa. Ungenificha, nami ningenyamaza, na ningeondoka nalo moyoni. Niliona hujui. Nikasema, huyu hajui, na hapa hakuna mwanamume, na mimi ni mzee. Ngoja nijue nini hasa nilikuwa napika."

"Miaka yote hiyo hukuonja?"

"Naonjaje? Nilinyofoa mabawa ya baba, nikanyofoa ya mume, nikanyofoa ya huyu mwanangu. Msimu mzuri nilipewa kitenge. Walituambia ukila utazaa mtoto mwenye kichwa cha senene." Akatazama chungu. "Mimi nimeshamaliza kuzaa."

"Na wewe umewaonaje?"

"Wana mafuta." Akatazama vidole vyake. "Niliwaza kila siku wana chumvi. Hawana. Chumvi nilikuwa natia mimi."

Halafu akamgeukia binti yangu, ambaye alikuwa bado amesimama. "Huyu alitaka uniambie nini kule nje?"

Binti yangu akanitazama. Najua alichokuwa ananiomba. Lakini nilikuwa nimeshaanza njia hiyo.

"Alitaka niseme ni kumbikumbi."

"Ah. Hajui kupika, basi. Kumbikumbi na senene hawanuki sawa." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa ule."

"Mama, mimi bado…" binti yangu akasema, na mkono wake ukaenda tumboni bila yeye kutaka.

Hapo ndipo yule mwanamke alipocheka, mara ya kwanza, cheko fupi la puani. "Kichwa cha huyu wa kwanza nimekishika asubuhi nzima, kimekaa vizuri. Na mama yako ni mtu wa kumbikumbi, tazama ulivyo wewe. Kula, au usile. Mimi sitakulazimisha. Ila usinifiche kitu jikoni."

Binti yangu alikaa. Alikula polepole, macho yakiwa mlangoni, kama mtu anayeiba kwao. Katikati akaacha kutazama mlango.

Mchana wote huo mimi na mgeni tulikausha friza kwa matambara. Aliniuliza mlenda unachumwa lini, nikamwambia. Akauliza kwa nini tunauanika juu ya mwamba na si juu ya mkeka, nikamwambia mwamba unapika chini na jua linapika juu. Ndizi zilizoiva tulizimenya, akanionyesha jinsi ya kuzikamua juisi kwa nyasi mkononi. Nyasi hatukuwa nazo, tukatumia majani ya mahindi, haikufaa, tukazila.

Jioni kikohozi kikasikika mara mbili. Nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo chini ya ile nyama. Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nilimsikia mkwe wangu anauliza mbona friza iko wazi, na kile kifurushi chake kiko wapi. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili, na nadhani alitaka nisikie.

"Tumewala. Wanawake watatu."

Halafu akaendelea kwa Kihaya, maneno mengi, taratibu, hakupandisha sauti. Sikuelewa hata moja. Nilisikia tu kiti kinasogezwa.

Binti yangu akatoka uani. Alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema tutafute padri kabla ya Kwaresima."

Sisi ni Waanglikana, na juu ya padri nilikuwa na langu la kusema, lakini sikulisema siku hiyo.

"Amesema ni kwa sababu gani?"

"Hakusema sababu."

"Na mumeo amejibu nini?"

"Ameuliza kama mlenda umebaki."

Nikainuka nikaenda kufunua chungu. Ulikuwa umebaki wa sahani moja. Nikaupasha moto, nikampa binti yangu, akaupeleka ndani.